Picha Yangu Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Uchaguzi wa mwenyekiti wa klabu ya vijana ni Jumapili. Tunagombea wawili: mimi, mpiga picha, na Nesi. Sote tunajitolea, ila yeye kakabidhiwa usalama wa watoto, basi anatembea ukumbini kama aliyewazaa wote. Sheria zake nimezichoka. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja peke yao. Kioo cha mlango kisizibwe. Mgeni anayetaka kujitolea, habari zake ziulizwe kwanza huko alikotoka.

Wapiga kura ni wazazi, na mzazi hapigii sheria kura. Anapigia burudani! Nayo nimeipata. Leo studio kaja mtu kupiga picha ya paspoti: nadhifu, mpole, ana kinanda chake na yuko tayari kufundisha bure. Nimembatiza Bwana Kinanda. Nesi akisikia atanuna wiki nzima.

Jumanne, 4 Machi

Kanuna kweli. Kasema mgeni asubiri, habari zake ziulizwe kwanza. Nikamwambia asijisumbue, nitauliza mimi. Nikampigia msimamizi wa klabu yake ya zamani kwa namba aliyonipa Kinanda mwenyewe. Sifa tele! Sauti zao zinafanana ajabu, hata kikohozi ni kilekile. Ndivyo wanavyokuwa watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu.

Nesi kasema hata hivyo atawatafuta watu wa klabu hiyo yeye mwenyewe. Dharau hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Nesi yuko zamu zahanati. Nimemwingiza Kinanda. Ukumbi umechangamka hadi raha! Mpwa wangu, binti wa dada yangu, kachaguliwa kuimba peke yake siku ya uchaguzi. Damu yangu jukwaani!

Kinanda kaomba wafanye mazoezi chumba cha vyombo vya muziki, wao wawili. Akalalamika kwamba wenzake wanachungulia kwenye kioo cha mlango, binti anaona haya. Nikamaliza tatizo hapo hapo. Nimebandika picha yangu ya kampeni, ile kubwa. Kioo kimezibika chote, na kila apitaye ananiona. Akili ninayo, watu tu hawajui.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa kaja studio anadeka. Hataki tena kubaki mwenyewe na Kinanda. Nikauliza kisa. Eti anasogea sana. Nikamwambia muziki haufundishwi kwa mbali. Hakucheka, na kwa kawaida hucheka nikisema lolote. Nikamsihi asinitie aibu, uchaguzi umefika. Akainamisha kichwa, akaondoka bila kuaga.

Chakula cha mchana hakikushuka. Labda ni joto.

Ijumaa, 7 Machi

Alasiri nilikuwa getini nagawa vipeperushi. Nesi akaingia mbio, sare ya kazi bado mwilini. Kawapata wale wa klabu ya zamani. Kinanda walimfukuza, na sababu ilikuwa mtoto. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema yuko mazoezini na mpwa wangu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Tukakimbia. Mlango umefungwa kwa ndani. Mimi pale kwenye kioo natabasamu, meno yote nje. Nesi akaupiga mlango mateke, akamwita mtoto. Akaichana picha kuanzia paji la uso hadi kidevuni, akachungulia. Mpwa kajibanza kona, nyuma ya ngoma kubwa. Kinanda anaisogeza ngoma, polepole, kama mtu asiye na haraka. Nesi akanyakua kizimamoto ukutani, akavunja kioo, akapitisha mkono, akafungua.

Hakuwa amemgusa bado. Bado! Akaanza kueleza kwamba ni maigizo tu. Nesi akamweka mtoto nyuma yake, akamzuia yule bwana asitoke hadi polisi wakafika. Mkono wake ulikuwa unachuruzika damu, wala hakuutazama.

Nilitaka kumshika mpwa bega. Akajitoa.

“Mjomba, nilikuambia jana,” alisema.

Basi.

Jumapili, 9 Machi

Nesi kapita bila kupingwa. Mimi jina limekatwa, na nimeambiwa nisikanyage ukumbini. Kinanda yuko mahabusu. Dada hapokei simu. Katuma ujumbe mmoja, nisimkaribie mtoto wake. Hasira za mama. Zitapoa.

Ila mpwa ananiuma rohoni. Kweli ananiuma. Sitaki aniogope mimi.

Kwa hiyo nimepata mpango, na safari hii hauna kasoro. Kesho wakitoka shule nitamsubiri kwenye kichochoro cha nyuma, ambako walimu hawapiti. Nimemnunulia simu ndogo nzuri, ya waridi. Nitamchukua hadi studio, nifunge mlango tusisumbuliwe na wateja, tuyamalize mimi na yeye tu. Mama yake asijue kwanza. Sina wasiwasi, binti hatasema. Mtoto ukimpa kitu kizuri huwa hasemi.