Mbuzi wa Kuonyesha Tu

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Julien amepiga simu kutoka Butembo. Anakuja Noeli! Yeye, mke wake Kaswera na watoto wote. Shemeji huyu, kaka wa mke wangu, hasahau kitu. Mwaka jana nilikula kwake hadi nikalegeza mkanda, kisha nikasimama mbele ya watu wote nikatangaza: Noeli ijayo, mbuzi mzima, kwangu Goma. Nani alinituma kusimama?

Mke wangu Marcelline ameuliza mbuzi yuko wapi. Nimesema yuko njiani. Kibandani kwangu kuna redio mbili tu za kutengeneza, na moja ni yetu. Marcelline anataka tuseme ukweli: kuna maharagi, kuna sambaza, vidagaa vya ziwani, tutakula na kucheka. Sambaza mbele ya Julien! Afadhali niugue. Nimejaribu kukohoa jioni nzima. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 21 Desemba

Nimepata! Jirani yetu Papa Useni, muuza vitenge, amenunua mbuzi. Binti yake Alima amejifungua msichana baada ya kungoja miaka mingi, na Jumamosi watamfanyia akika: mbuzi atachinjwa, mtoto atapewa jina, ukoo wote utakula. Lakini parsele yao, uwanja wote, ni mawe matupu. Mbuzi analia kutwa. Nimemwambia: mzee, nyuma ya nyumba yangu kuna majani, niachie nimlishe mpaka Ijumaa, anenepe.

Papa Useni amenishika mikono yote miwili. Amesema jirani kama mimi, Papa Jolie, hayupo tena mtaani Murara kote. Nimetazama chini.

Mpango: Julien ataingia, atamwona mbuzi. Nitasema huyu ni wa Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, Noeli tunaanza polepole na sambaza. Heshima imebaki, mbuzi amebaki. Nani ataumia?

Jumatano, 24 Desemba

Wamefika, njia imewachosha, viatu ni matope matupu. Hata maji hajanywa, Julien ameenda kumpapasa mbuzi mgongo. Akasema, "Shemeji, mimi nilizani unajisifu tu!"

Nimecheka kwa sauti kubwa mno. Marcelline hakucheka. Jikoni ameniuliza kwa kunong'ona kama nimerukwa na akili. Nilitaka kueleza habari ya Bonane palepale, lakini Julien alikuwa ananisifu. Julien! Sifa hizo nimezingoja tangu nilipooa. Nitamwambia kesho baada ya misa.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimekwisha!

Tulienda misa ya asubuhi. Julien alibaki, eti mgongo unamuuma. Tuliporudi mgongo ulikuwa umepona. Alikuwa nyuma ya nyumba, mikono ya shati imekunjwa, kisu mkononi, ngozi ya mbuzi imetandazwa juu ya ukuta. "Nimekupunguzia kazi, shemeji. Noeli njema!"

Nilikaa chini kwenye jiwe. Kaswera alisema nimezidiwa na furaha.

Nyama ni tamu, wanasema wote. Mimi kila kipande kilikwama kooni. Nikaamua: nitamwambia Papa Useni mbuzi ameibwa. Nilikuwa bado natunga sura ya mwizi (mrefu, ana kofia) alipoingia Papa Useni mwenyewe na sahani ya maandazi, kututakia Noeli njema. Nikaanza habari ya mwizi. Yeye akatazama ukutani. Ngozi nyeusi, doa jeupe begani.

"Papa Jolie," alisema taratibu, "ile mbuzi ilikuwa ya mutoto wa Alima."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka maandazi mezani, akatoka. Julien aliacha kutafuna, akaniuliza tunakula mbuzi ya nani. Nikasema yote. Kaswera akafunika sufuria.

Ijumaa, 26 Desemba

Julien na Marcelline wametoka asubuhi bila kuniaga. Marcelline alibeba kitenge chake kipya, hata hakijashonwa. Julien alikuwa na simu yake nzuri. Wamerudi bila kitenge, bila simu. Wamerudi na mbuzi, mkubwa kuliko yule wa kwanza. Nimeona wivu. Nitafanya nini, nimeuona.

Julien amenipa kamba, akasema mbuzi huyu nimpeleke mwenyewe. Njiani watu wawili wameuliza kama ninauza. Kwa Papa Useni nilikuwa na hotuba nzima, imeyeyuka mlangoni. Nimesema tu kwamba nilitaka shemeji anione mtu. Mzee amenitazama, amechukua kamba, ameingia ndani. Mlango umefungwa.

Sijala.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimeitwa kwenye akika! Nilidhani ni kwenda kusutwa. Wamenipa kisu na mfuko wa vitunguu. Nimemenya tangu asubuhi, machozi yakitiririka mbele ya ukoo wote. Shangazi zake Alima wamesema ni toba. Sikuwasahihisha. Mtoto ameitwa Sumaya. Alima ameniruhusu nimbebe. Amenikojolea.

Saa ya kula, Papa Useni mwenyewe ameniletea sahani ya pilau, nyama juu. "Kula, Papa Jolie. Hii si ya kuazima." Watu wamevunjika mbavu. Na mimi nimecheka, na chakula kimepita kooni kwa mara ya kwanza tangu Noeli. Wakati wa kurudi Marcelline amenishika mkono.

Jumatatu, 29 Desemba

Julien na watu wake wamerudi Butembo. Nyumba kimya. Nimejifunza: mnyama wa mtu haazimwi. Basi, mwisho.

Munyakazi, jirani wa nyuma, amesafiri kwenda Vitshumbi kwa wazazi wake mpaka Bonane ipite. Ameniachia ufunguo nimwangalizie nyumba. Makochi mekundu, televisheni ya ukuta mzima! Na leo mjini nimekutana na Viateur, tuliyesoma naye. Siku hizi ana gari. Ameniuliza ninakaa wapi. Mdomo umejibu wenyewe: kwenye nyumba ya makochi mekundu. Anakuja Bonane na mke wake.

Marcelline hajui bado. Lakini safari hii nimefikiria kila kitu: nyumba haili majani, hailii, na hata Julien hawezi kuichinja.