Onésime wa Likasi na Kofia ya Maman Viviane

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio, na mlioyasahau masikio yenu kazini rudini mkayachukue. Punguzeni moto chini ya maharagwe, mtoto anayelia apewe kitu cha kutafuna, maana habari niwaleteayo si ya kusikilizwa huku mtu akitazama simu. Ni habari ya vita vilivyopiganwa Jumapili, mchana kweupe, bustanini karibu na Ganshoren katika mji wa Brussels, ambako mwana wa Likasi, kule Kongo, alisimama mbele ya adui bila mkuki wala ngao, naye amevaa viatu vyake vya kanisani.

Mwana huyo aliitwa Onésime, fundi wa lifti, mkombozi wa waliokwama baina ya ghorofa na ghorofa, mrefu wa kimo na mpole wa maneno. Alikuwa amekaa Ubelgiji muda mrefu hata akajua mfuko wa taka wa rangi gani hutolewa nje siku gani, elimu ambayo wengi wamehama nchi ile bila kuipata. Na kwa rehema za Mungu na ubovu wa waya mmoja, alimpata Shekinah, muuguzi, binti wa Lubumbashi, aliyekuwa amenaswa ndani ya lifti ya jengo moja refu. Mlango ulipofunguka wakatazamana, na tangu hapo hapakutokea fundi wa kuwatenganisha.

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote: mama. Maman Viviane, mjane, mwenye shingo iliyonyooka, aliishi Lyon, Ufaransa, akitunza wazee wa Kizungu, nao wazee wale walimtii kama watoto wa shule. Akatuma neno kwamba atakuja Brussels mwisho wa juma, siku mbili tu, kuutazama mji. Kila mtu alielewa kwamba mji huo ulikuwa na jina, na jina lake ni Onésime.

Jumamosi akashuka stesheni ya Midi, na mvua ikashuka naye. Onésime alimwongoza kama mjumbe amwongozavyo malkia, akimkinga kwa mwavuli na kulowa yeye mwenyewe. Akamwonyesha uwanja mkuu wenye nyumba za dhahabu. Mama akauliza ni nani anayepangusa madirisha yale yote. Akampeleka kwenye sanamu ya mtoto akojoaye, fahari ya mji. Mama akaitazama kitambo, kisha akataka kujua kama ni kweli watu hupanda ndege kuja kuona jambo ambalo kila mama amekwisha kulifua. Akala viazi vya kukaanga, akala andazi la Kibelgiji lenye sukari, na jioni akasema amechoka. Onésime alirudi kwake Ganshoren na moyo mzito, akijiona kama jemadari aliyepoteza jeshi kabla ya kumwona adui.

Jumapili kukapambazuka na jua, na baada ya misa wakaenda watatu kutembea bustanini kando ya bwawa. Maman Viviane alikuwa amevaa kofia ya zambarau yenye ukingo mpana, kofia ambayo hata padri aliiinamia kidogo alipokuwa akisalimu watu mlangoni. Treni yake ilikuwa ya jioni, na bado hakuwa amesema neno, si la ndiyo wala la hapana.

Ndipo upepo ulipoinuka. Haukuomba ruhusa; uliitwaa ile kofia kichwani pa mwenyewe, ukairusha juu ya vichaka, ukaizungusha mara kadhaa kana kwamba unaichagulia mahali pabaya kuliko pote, kisha ukaiweka majanini ukingoni mwa bwawa, katikati ya bata bukini wawili na vifaranga vyao. Nao hawakuwa bata wa kawaida. Walikuwa bata bukini wa Misri, uzao wa Mto Naili, waliohamia Brussels wakazaliana bila kumwomba mtu kibali, wenye doa la kahawia machoni kama watu waliokesha wakigombana. Dume akaitazama kofia, akasimama mbele yake, akatanua mabawa.

Mzee mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa ameketi kwenye benchi na kijibwa chake akawaonya kwa Kifaransa kwamba ndege wale ni wakali, hata mbwa huwapisha. Kijibwa hakupinga.

Sasa na lijulikane jambo ambalo Onésime hakumwambia mtu ila Shekinah. Utotoni, kule Likasi, bata bukini wa masista alimkimbiza kutoka lango la misheni hadi sokoni, akimng'ata njia nzima, na tangu siku ile akiona ndege mwenye shingo ndefu huvuka barabara. Kuna wasemao hii ndiyo sababu alichagua kazi ya ndani ya majumba. Shekinah akamshika mkono, akamnong'oneza asiende.

Maman Viviane alikuwa amesimama, kiganja juu ya kichwa kitupu, na kwa mara ya kwanza shingo yake ilikuwa imelegea.

"Acha, mutoto wangu," alisema. "Ile kofia njo ile bwana yangu Florent alininunuliaka siku tulitoka Lubumbashi. Lakini kofia haina damu. Acha tu."

Onésime akavua koti, akampa Shekinah kama mtu akabidhiye wosia, akaenda. Alipokaribia, dume alifoka kama sufuria iliyofurika motoni. Shujaa akapiga goti moja kwenye majani yaliyolowa, maana heshima haijawahi kumtia mtu jeraha, akahutubu:

"Papa, mi najua weye ni papa wa famille. Sikukuya juu ya batoto yako. Weye ulitoka Afrika, mi pia nilitoka Afrika. Hapa wote tuko bageni. Donc, tusikilizane. Hii kofia ni ya maman moya, na ule maman njo nataka anipe binti yake. Niachie kofia, alors mi naenda."

Bata akainamisha kichwa upande, akafikiri. Lakini mkono wa Onésime ulipougusa ukingo wa kofia, mkataba ukavunjika. Dume akamrukia mapajani, jike akamshika nyuma, mabawa yakapiga kama mashuka yakung'utwayo, na suruali ya kanisani ikapasuka kwa sauti iliyofika hadi benchini. Hakuwapiga. Hakupiga yowe. Alirudi kinyumenyume, kofia ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Akateleza, mguu mmoja ukazama bwawani hadi gotini, lakini kofia haikuonja tone. Akatoka majini, akapanda mteremko, akaiweka mikononi mwa mwenye nayo.

Maman Viviane akaondoa unyoya mmoja uliokwama kwenye utepe. Akautazama mguu uliolowa. Akamzunguka kijana, akaitazama suruali kwa nyuma. Kisha akacheka, kicheko ambacho Shekinah hakuwa amekisikia tangu walipomzika baba, hata ikambidi mama aketi karibu na mzee wa kijibwa.

Alipopata pumzi akamwuliza Onésime kama ni kweli anaogopa bata, kwa kuwa Shekinah amemwambia sasa hivi. Onésime akajibu kwamba ni kweli, tena hata sasa anaogopa.

"Bon," akasema mama. "Muntu mwenye haogope kintu, ule ni hatari mu nyumba. Mwenye anaogopa na anaenda, ule anaweza kuoa. Ita batonton yako, bakuye Lyon tuzungumuze."

Hivyo ndivyo wajomba walivyoitwa Lyon kuzungumza posa. Mshindi alirudi kwa tramu akiwa amesimama njia nzima, kwa kuwa hali ya suruali haikumruhusu kuketi wala kumpa mtu mgongo, na Shekinah akasimama nyuma yake kama ukuta, akicheka begani mwake. Brussels ni mji ulioona majeshi mengi yakiingia na kutoka, na kila moja limeachiwa sanamu. Huyu hana sanamu. Lakini watu wa Likasi waishio kule, wakitaka kukumbuka mtoto fulani alizaliwa lini au nani alihamia mtaa gani, hawatafuti kalenda: huulizana kama ilikuwa kabla ya bata, au baada ya bata.