Komeo Alizaliwa Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Leo kampuni yangu ya vitabu vya katuni imeuza nakala elfu tano kabla ya adhuhuri.

Haya, mia tano.

Haya basi, mia tano ndizo zilizochapwa. Iliyouzwa ni moja, na mnunuzi nilikuwa mimi, nimevaa kofia ili mwenye duka asinitambue. Alinitambua. Aliniuliza kama anifungie au nitasoma njiani.

Mwenye duka la vifaa vya shule namwita Kalamu Mbili. Kila siku kalamu mbili mfukoni mwa shati, na sijawahi kumwona akiandika hata jina lake. Kitabu changu amekiweka rafu ya chini kabisa, nyuma ya chupa za gundi. Nikamwambia kazi ya sanaa haiwekwi hapo. Akasema hapo pana kivuli kizuri.

Nitamwonyesha.

Niweke mambo wazi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kampuni ina chumba kimoja, ambacho kilikuwa chumba cha mke wangu cha kushonea. Cherehani nimeihamishia sebuleni. Mke wangu alinitazama, na mimi nikatazama dari. Kampuni ina mkurugenzi na mtunzi, ambaye ni mimi, niliyeachia shule darasa la sita kwa sababu shule ilikuwa imeishiwa vya kunifundisha. Na ina mchoraji, ambaye ni shemeji, kaka wa mke wangu. Kuchora ningechora mwenyewe, ila mkurugenzi hachori. Mke wangu anasema ni kwa sababu hata chai naimwaga nusu kabla haijafika mdomoni. Maneno ya sebuleni hayo.

Shemeji alichora vibao vya vinyozi kwa miaka thelathini. Kwa hiyo kila mtu kwenye kitabu changu anatazama pembeni na amenyolewa vizuri, majambazi pia. Mikono hajui kuchora. Kwenye vibao vya vinyozi hakuna mikono. Basi watu wote wameitia mifukoni. Shujaa wetu, Komeo, anapigana na jitu akiwa na mikono mfukoni. Alipozaliwa, nepi yake ilikuwa na mfuko.

Jumanne, 5 Machi

Balaa!

Nimekaa kukisoma kitabu changu kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa kwanza, Komeo ana umri wa miaka miwili. Ukurasa wa tatu, kaoa. Katikati ya kitabu, kafa na kuzikwa, watu wanalia wakitazama pembeni. Baada ya hapo anarudi mjane wake, inarudi harusi, anarudi utotoni, na ukurasa wa mwisho kabisa, Komeo anazaliwa. Mwisho.

Kumbe ni makaratasi. Kila karatasi hubeba kurasa mbili kila upande, inakunjwa katikati, karatasi nne zinapachikwa moja ndani ya nyingine, zinapigwa pini. Mimi nilimpa mpiga chapa kurasa zikiwa zimefuatana mbili mbili: wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne, kama watoto wa shule. Ukishakunja, kila mmoja anakimbilia kwake.

Mke wangu alinionya. Nakumbuka siku na saa. Alikuwa na pini mdomoni.

“Mzee, kunja kwanza karatasi tupu. Ziandike namba zikiwa zimekunjwa, halafu zifungue uone. Hata mimi sikati kitambaa kabla sijajua mshono unakwenda wapi.”

Nikamwambia hii si sketi.

Mpiga chapa naye aliuliza mara mbili. Nikamwambia achape alichopewa, asiniongezee akili. Amechapa alichopewa.

Sijamwambia mtu. Nikiulizwa nitasema ndivyo ilivyokusudiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Ndivyo ilivyokusudiwa!

Mwalimu wa kike wa shule ya jirani, mteja wa mke wangu, alikuja kupimwa gauni akiwa na kitabu mkononi. Kainunua nakala yake kwa makosa, alikuwa anatafuta gundi. Nikajiandaa kukimbilia uani. Akanishika mkono, macho mekundu. Alisema hajawahi kusoma kitu kama kile. Mtu anakufa, halafu polepole anarudi kwa mama yake. Alipofika ukurasa wa mwisho na kumkuta Komeo ndani ya nepi, alilia darasani, wanafunzi wakadhani wamefeli wote.

Akaniuliza wazo hilo nililipata wapi.

Nikamwambia limenitesa kwa miaka mingi.

Mke wangu akakohoa. Alikuwa na pini mdomoni tena, nikahofia atazimeza.

Jumamosi, 9 Machi

Walimu wanne wamenunua. Halafu muuguzi. Halafu fundi wa baiskeli, ambaye amekisoma mara tatu na sasa anabishana na wateja kama Komeo alikufa kweli au alikuwa anakumbuka. Kalamu Mbili amekitoa nyuma ya gundi na kukipandisha hadi usawa wa kifua. Kakiegemeza kwenye mashine ya kuhesabia. Nilipita nikiwa sina kofia, mara sita.

Nyumbani kumetokea ajali. Gauni la mwalimu, lile lenye mikono mirefu, limeungua mkono mmoja kwa pasi. Alama ya pasi nzima, utadhani muhuri wa serikali. Mke wangu, ambaye hajaunguza kitu kwa miaka arobaini! Nilipoinua kitambaa cha kupigia pasi nikakuta kitabu changu chini yake, kimefunguliwa kwenye mazishi. Hakusema alikuwa anasoma. Mimi sikuuliza.

Mwalimu alipokuja nilitangulia mlangoni. Nikamwambia ni mimi, nilijitia fundi, nikaunguza. Tangu hapo ananitazama kama mtu aliyeharibiwa na kipaji. Mke wangu atashona mkono mpya. Usiku amenipa kipande cha nyama kikubwa kuliko cha kaka yake.

Nimeandika hapa ili isisahaulike. Najua shajara hii inasomwa. Jana nimekuta alama ya kidole chenye chaki ya kukatia nguo kwenye ukurasa wa Jumanne.

Jumanne, 12 Machi

Zimeisha! Zote! Hata ile niliyonunua mwenyewe nimeiuza.

Ninasalimiwa njiani na watu nisiowajua. Nimeanza kuitikia polepole.

Sasa uchungu. Kalamu Mbili ameona picha za shemeji na amempa kazi: kuchora picha za ukutani za shule. Jino, sikio, mwili wa binadamu. Kazi ya mwaka mzima, mezani kwake, dukani kwake, chini ya feni yake. Amengoja niinuke tu ndipo anikate miguu.

Shemeji alikuja kuniambia akiwa amesimama. Mtu akija na habari njema hukaa.

“Shemeji, mimi na wewe tumetoka mbali,” akasema. “Toleo la pili likitoka, likaisha ndani ya wiki moja, nabaki. Lisipoisha, naenda kuchora meno.”

Nikamuuliza atajisikiaje, msanii mzima, kuchora gego. Akasema gego halibadilishi hadithi kila asubuhi.

Sawa. Wiki moja. Bila shemeji sina kampuni, nina maneno tu, na maneno hata Kalamu Mbili anayo. Lakini siogopi. Siri ya mafanikio ninayo mimi peke yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Siri ni hii: kukosea vilevile.

Nimetunga toleo la pili kwa siku mbili. Komeo anazaliwa tena (sijaeleza vipi), anakua, anakwenda vitani, anashinda, anaoa dada wa jitu. Shemeji kachora mfululizo. Picha ya vitani na picha ya harusi ni ileile, kabadilisha kofia. Nikamwambia haidhuru, zikishachanganyika nani atajua?

Mke wangu aliuliza kama safari hii nitakunja karatasi tupu kwanza. Nikacheka hadi nikakaa chini.

Nikampelekea mpiga chapa kurasa, mbili mbili, vilevile zilivyokuwa. Ni mtu mpole, mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Akazitazama kwa muda mrefu.

“Mzee, una uhakika?”

Nikamkonyeza.

Naye akanikonyeza.

Raha ilioje kufanya kazi na mtu anayekuelewa bila maneno.

Jumatano, 20 Machi

Sikufungua mabunda. Mtu mwenye uhakika hafungui mabunda. Niliyapeleka moja kwa moja dukani, ambako watu kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni. Nimewahesabu, kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa akitafuta gundi. Mwalimu alikuwa wa kwanza, amevaa gauni lenye mkono mpya.

Alianza kwa kufungua ukurasa wa mwisho. Alikuta harusi. Akarudi ukurasa wa kwanza. Kisha akaniangalia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta fanicha ya jirani.

“Mbona amezaliwa mwanzo?”

Nikanyakua nakala. Moja, mbili, tatu, nne… Kurasa zote kumi na sita zimekaa zinapopaswa kukaa. Zimenyooka kama askari. Na ikisomwa ikiwa imenyooka hivyo, hadithi yangu… niseme tu kwamba vita na harusi vimefuatana ukurasa kwa ukurasa, na hata kipofu angeiona ile kofia.

Fundi wa baiskeli alisema hiki ni kitabu bandia. Alisema mtunzi wa kwanza alikuwa na kichwa, huyu wa pili ni mzee fulani tu. Alisema hayo akinitazama mimi.

Jumamosi, 23 Machi

Nilikwenda kwa mpiga chapa nikiwa na hasira za kutosha watu watatu. Nilikuta amevaa shati safi. Kanivutia kiti.

Akasema tangu toleo la kwanza watu wamekuwa wakimcheka kwamba karakana yake haijui kukunja karatasi. Mtu mmoja kaondoa kadi zake za harusi kwa hofu kwamba mama mkwe atatangulia bwana harusi. Lakini hakunilaumu. Alijua naona haya kukiri kosa langu mbele ya watu. Nilipomkonyeza, akaelewa. Akakaa siku nzima kupanga kila ukurasa mahali pake, kwa mkono wake.

“Nimekurekebishia, mzee wangu. Kwa heshima yetu sote.”

Uso wake uling'aa kupita wino. Nilisema asante.

Kutoka hapo nilipitia dukani na kisu cha mezani, nikaanza kung'oa pini na kuzipanga upya nakala, kimyakimya, nyuma ya madaftari. Nilifikisha saba. Kalamu Mbili alinitoa nje kwa kunishika begani, polepole, kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa maji. Wateja walipisha njia. Nilimwambia atanitafuta. Akasema kisu nimekiacha juu ya kaunta.

Jumatano, 27 Machi

Wiki imeisha. Zimeuzwa kumi na nane, na tisa zimerudishwa.

Shemeji alikuja kuchukua brashi zake. Safari hii alikaa. Hilo lilinitia hofu zaidi.

Nikamwambia asubiri toleo la tatu. Nikamwambia nina mpango. Nikamwambia Kalamu Mbili atamfanya achore utumbo. Yeye alikuwa anafuta brashi moja ambayo tayari ilikuwa safi.

“Kile cha kwanza kilikuwa kizuri, shemeji,” akasema. “Sijui tulikifanyaje, ila kilikuwa kizuri.”

Nikamwambia ndivyo ilivyokusudiwa.

Akacheka. Akaniachia kibao kimoja cha zamani cha kinyozi, kichwa kinatazama pembeni. Nimekitundika juu ya meza. Kinatazama mlango.

Ijumaa, 29 Machi

Cherehani imerudi dirishani. Kampuni imebaki na nusu ya meza. Nusu inatosha!

Leo nimepita dukani, upande wa pili wa barabara, kwa miguu yangu mwenyewe. Picha ya kwanza ya shemeji imetundikwa: Mwili wa Binadamu. Amenyolewa vizuri. Anatazama pembeni. Kutoka kwenye paja kuna mshale, na maneno yameandikwa kwa herufi safi sana: Mkono (umo mfukoni). Mwili hauna suruali. Una mfuko tu. Nilicheka nikashika nguzo ya taa. Kalamu Mbili alitoka kunitazama, nikamsalimu kwa furaha, akarudi ndani.

Basi, wanadhani nimekwisha. Sikilizeni mpango. Mchoraji ndiye aliyeniangusha, kwa hiyo toleo la tatu halitakuwa na mchoraji. Halitakuwa na picha. Visanduku vitupu! Visanduku sita kila ukurasa, kurasa kumi na sita, na msomaji atachora mwenyewe. Akikosea, kosa ni lake. Hakuna mtu duniani aliyewahi kufanya hivi, na mimi najua sababu: hawakuwa na ujasiri.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Mistari lazima inyooke, na leo asubuhi nimejaribu kisanduku kimoja, kikatoka kama yai. Ni rula mbovu. Rula tatu mbovu.

Mke wangu, najua unasoma hapa, chaki yako imefika mpaka ukurasa huu kabla sijaumaliza. Wewe unapiga mstari kwenye kitambaa kinachoteleza bila hata kutazama. Mpiga chapa nimeshamuahidi kurasa, mbili mbili, wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne. Usianze kunikunjia karatasi tupu, hii si sketi. Nipigie mistari tu. Kumbuka lile gauni la mwalimu, na nani alitangulia mlangoni. Karatasi nimeziweka chini ya mkasi wako. Mimi nimekaa hapa, nangoja, mikono mfukoni.