Nyumba Iliyoanza na Paa

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Kosa la watu wengi wanaojenga nyumba ni kuanza na kuta. Wanapanga matofali mabichi juani, matofali yanapasuka, mafundi wanaungua migongo, na mvua ikiwahi, ukuta unarudi kuwa tope. Mwenye akili huanza na paa. Nguzo kwanza, paa juu yake, kisha kuta zinapandishwa taratibu kivulini. Nimelifikiria jambo hili miaka yote niliyofundisha hesabu hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Sasa nimestaafu. Nitakuwa arshitekti.

Neno hilo nililikuta katika gazeti la mapadri. Maana yake ni mtu anayeiwaza nyumba kabla haijawa nyumba. Ndivyo nilivyokuwa tangu utoto! Pale ufukweni nilikuwa naezeka kila kitu: chungu, kuku anayeatamia, mbwa aliyelala. Siku moja nyanya yangu alisinzia, akaamka chini ya majani ya migomba, akadhani amezikwa.

Kazi yangu ya kwanza: nyumba ya mwanangu Eugène. Yuko kazini Uvira. Atakuja kufunga ndoa na Félicité tarehe 28. Baba wa binti, Norbert wa Fizi, amesema wazi: pasipo nyumba yenye kuta na mlango, binti yake hashuki mlimani. Mke wangu Georgette anataka tuwaite wana wa Bonaventure, waliojenga nusu ya mtaa huu. Nimekataa. Bonaventure ni binamu yangu. Utotoni alikanyaga mapaa yangu yote mchangani. Kwa makusudi. Akicheka.

Alhamisi, 5 Agosti

Nguzo zimesimama. Nimezipanga kwa mduara, maana mduara hugawa uzito sawasawa. Nimemweleza Georgette. Ameuliza kitanda kitakaa upande gani kwenye mduara. Mwanamke hodari, lakini hajasoma jometri.

Bonaventure amepita, mkono kiunoni. Ameuliza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni: “Mwalimu, hii iko nyumba ao mwavuli ya muzungu?” Watu wamecheka. Nimemwambia ashughulike na deni lake. Lubunga ya mtaa wetu imeliwa na mchwa, ikaanguka mwezi wa tano, na zamu ya kuijenga upya ni ya nyumba yake. Amesema mgongo unamuuma. Unamuuma tangu mwezi wa tano!

(Lubunga, kwa atakayesoma haya baadaye, ni baraza la wanaume wa Kibembe. Paa, nguzo, moto katikati. Hapo kesi hukatwa na habari huzungumzwa. Wanawake hawaingii.)

Jumanne, 10 Agosti

Paa limekwisha! Nyasi nzito kutoka njia ya Fizi, zimefungwa safu kwa safu. Nimelala chini yake mchana mzima nikilitazama. Sijaona tundu hata la sindano.

Georgette amesimama juani karibu na rundo la matofali. Ameuliza kuta zitaanza lini. Nimemweleza kwamba paa jipya lazima litulie kwanza juu ya nguzo. Ameuliza kwani lilikuwa limesumbuliwa na nani. Nimerudi kulitazama.

Jumapili, 15 Agosti

Siku tukufu. Baada ya Misa jua lilikuwa kali. Bonaventure akaja na kigoda chake, mpole kabisa, akaomba kivuli kidogo hadi joto lipungue. Ningemkataliaje? Tena nilitaka atazame juu. Akatazama. Akasema kweli, Mwalimu, hii kazi! Akawaita wazee wengine waje waone. Wakaja na vigoda vyao. Nimewaeleza paa tangu mchana hadi jioni. Katika miaka yangu yote darasani sijapata wanafunzi watulivu namna hii.

Bonaventure akauliza kama moshi unaweza kutoka mahali kama hapa. Nikamweleza jinsi hewa ya moto inavyopanda. Akatikisa kichwa, akasema hayo ni maneno ya vitabu. Maneno ya vitabu! Nikakimbia jikoni, nikaleta kaa la moto, nikawasha mwenyewe katikati. Moshi ukapanda na kutoka vizuri sana. Wote wakapiga makofi. Kwa kuwa moto ulikuwepo, wakamalizia kesi ya ndugu wawili waliokuwa wanagombania wavu. Hata mimi nilitoa maoni. Yalikubaliwa!

Binamu yangu amebadilika. Uzee humlainisha mtu.

Jumatatu, 16 Agosti

Hajabadilika.

Asubuhi niliita kina mama wa kukanyaga udongo wa kuta. Wamefika na maji kichwani, wakasimama nje ya nguzo. Nikasema karibuni. Mama mmoja akajibu: “Aa-a, Mwalimu. Siye bamama hatuingie mu lubunga.” Nikamwambia hii si lubunga, hiki ni chumba cha bibi arusi. Akaniuliza nani aliwasha moto. Nikasema mimi. Akauliza kama kesi ilikatwa hapo. Nikasema ilikatwa, tena vizuri. Wakamwaga maji, wakaenda zao.

Hapa kwetu mwenye paa akiwasha moto kwa mkono wake, na kesi ikakatwa penye moto huo, basi, paa hilo limekuwa lubunga. Hakuna bibi arusi atakayelala hapo. Bonaventure amemaliza zamu yake bila kukata hata kijiti. Amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka kama mlingoti!

Jumatano, 18 Agosti

Nina mpango. Kitu hutambulikana kwa matumizi yake, nilifundisha hivyo. Basi usiku nimeingiza kitanda cha arusi, nikakiweka pale penye moto. Chenye kitanda ni chumba.

Asubuhi nimekuta wazee watano wamekikalia kwa safu, wanasifu kimo chake. Bonaventure amesema sasa kweli ninawajali wazee. Mguu wa kitanda umevunjika. Georgette ameninyima samaki.

Jumamosi, 21 Agosti

Norbert ametuma habari kwamba anashuka leo kukagua. Nimekwenda mbio kwa jirani yetu, Mama Siti, mfumaji wa mikeka, nikaazima yote aliyokuwa nayo. Nimeizungushia nguzo pande zote. Kwa chokaa nimechora madirisha mawili, na mlango wenye kitasa. Kwa mbali, nyumba! Mama Siti amesema hata yeye angetaka kubisha hodi. Nimepanga Norbert afike jioni, atazame akiwa barabarani, anywe kitu, arudi.

Norbert hakubaki barabarani. Amekwenda moja kwa moja, akagusa kitasa cha chokaa, mkeka ukamwangukia begani. Ndani: wazee wote, moto, nyama ya mbuzi. Wakapiga kelele za furaha. “Karibu, mukwe! Ingia, ikala!” Wamempa kigoda na paja la mbuzi. Mtu akishapokewa hivyo hawezi kutukana mahali. Akala. Akafuta mikono. Kisha akasimama, akasema ana kesi.

Mshtakiwa ni mimi! Chini ya paa langu mwenyewe! Amesema niliahidi nyumba, na mlango wake ameubeba begani. Kesho angerudi Fizi, na binti yake angebaki huko.  Eugène angefika Ijumaa na kukuta nini? Nikajaribu kueleza mduara na uzito. Bonaventure akasema tusipoteze wakati, Mwalimu ameshindwa, ndoa iahirishwe hadi mwakani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mkeka. Georgette! Hakuingia hata hatua moja. Amesema yeye haongei mu lubunga, anaongea mu kiwanja yake. Anauliza tu, zamu ya kujenga lubunga ilikuwa ya nani? Na kigoda cha kwanza kuingia hapa kilikuwa cha nani? Na mutu akikalia nyumba ya mutoto wa mwenzake, mutoto alale wapi, mu mutumbwi?

 Mzee Albert, mkubwa kuliko sote, akaanza kucheka hadi akakohoa. Hukumu: mtaa umechukua nyumba ya Eugène, mtaa utamjengea nyingine. Matofali yangu yatatumika. Bonaventure na wanawe watatangulia, na mgongo wake pia. Norbert amekubali kungoja hadi Ijumaa.

Ijumaa, 27 Agosti

Imekwisha! Kuta nne, madirisha mawili, mlango wa mbao. Pembe zote ni za mraba, jambo la kawaida mno, lakini imesimama. Kitanda kimepata mguu mpya. Kila siku nilikwenda kuwaelekeza wajenzi, na kila siku walinituma kuchota maji ziwani. Nadhani walitaka nipumzishe akili.

Bonaventure alikanyaga udongo hadi magotini. Mimi mwenyewe nilimletea maji ya kunywa, polepole.

Eugène ameshuka kwenye lori jioni hii. Ameizunguka nyumba, ameugusa ukuta, amenishika mkono kwa muda mrefu. Sikumweleza chochote. Georgette amenipa kipande kikubwa cha samaki. Namshukuru Mungu. Ninapumua.

Jumapili, 29 Agosti

Ndoa jana. Félicité ameingia nyumbani kwake kwa vigelegele, na Norbert amelia kama mtoto. Jioni mvua ya kwanza ikashuka bila hodi. Wanawake wote wakajazana nyumbani kwa maharusi, wanaume lubunga. Hakuna tone lililopita! Mzee Albert akauliza nani aliwaza paa hili. Nikasimama nikawaeleza mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, Norbert peke yake alikuwa macho, na yeye ni kwa sababu amekaa karibu na moshi.

Jumatatu, 30 Agosti

Félicité anahitaji jiko. Georgette amesema wana wa Bonaventure bado wana udongo mikononi, waitwe kabla haujakauka. Nimemwambia asubiri. Usiku nimelitafakari jambo lote kwa utulivu, na kosa limeonekana. Si paa. Paa lilikuwa sahihi. Wazee waliingia kwa sababu hapakuwa na mlango wa kuwazuia! Watu wengi huweka mlango mwisho, kuta zikishapanda. Jiko hili litaanza na mlango. Usimame peke yake uwanjani, umefungwa kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Kisha tutaona nani atapita.

Leo: chimba mashimo mawili, simamisha mlango.