Balozi na Waziri Katika Tangi Moja

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimenunua samaki! Tangi la kioo, changarawe, mmea wa plastiki, na samaki dume mmoja wa aina ya beta, wa samawati, mapezi marefu yanaburura kama shela ya bibi harusi. Nimempa jina la Balozi. Sebule imepata uso mpya. Tangu mke wangu afariki, huu mwaka wa pili, kitu pekee kinachotikisika humu jioni ni pazia.

Binti yangu kapiga simu. Ni muuguzi, anafanya kazi mji wa mbali. Kauliza nimekula nini na kama bado nashinda peke yangu. Nikamwambia hapana, sasa tuko wawili. Akafurahi kweli, akauliza ni nani. Nikamwambia ni Balozi, na Balozi ni samaki. Halafu akaanza ule wimbo wake: mjomba wake yuko peke yake kwake, mimi niko peke yangu kwangu, kwa nini mjomba asihamie hapa? Mjomba wake ni Shemeji, kaka wa marehemu, dereva wa lori mstaafu, anayeongea kama bado anashindana na injini. Nikamweleza binti yangu kwa upole kwamba wanaume wawili watu wazima hawawezi kukaa nyumba moja. Kila mtu na tabia zake. Akasema zamu yake inaanza.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Balozi kajikunyata kwenye kona tangu asubuhi. Jioni nimerudi kutoka kibandani kwangu, ninakotengeneza mihuri ya mpira, nikamsimulia siku ilivyokwenda: nimetengeneza mhuri wa NAKALA HALISI, na msichana wa ofisi ya mawakili kauchukua bila kutoa visikizi masikioni. Sikumsikia akisema hata asante. Balozi kanigeuzia mgongo.

Nimemwelewa. Huu ni upweke. Mimi siwezi kuukosea. Anahitaji mwenzake!

Nikarudi kwa muuza samaki. Akaniambia beta dume ni mmoja kwa tangi moja, wakiwa wawili watararuana. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini kaniuzia tangi kubwa namna ile? Akasema kwa sababu niliomba kubwa. Janja hiyo! Anataka kila samaki anunuliwe tangi lake. Hanipati. Nikamdanganya kwamba wa pili ni zawadi ya mpwa wangu. Nikatoka na dume mwekundu, mkali wa macho. Huyu ni Waziri.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Makosa ya watu ni kuwatupa wageni wawili majini bila kuwatambulisha. Hata binadamu wangepigana. Mimi nimemweka Waziri kwenye chupa ya jemu, kando ya tangi, waonane kwanza kupitia kioo.

Ajabu! Wote wawili wametunisha mashavu, wamekunjua mapezi yote, wanatetemeka kwa hamu. Muda mrefu mimi sijapokelewa hivyo na mtu yeyote. Nimekula mbele yao, sahani magotini.

Shemeji kaja bila taarifa. Kawaangalia, kasema, “Hao wanatukanana.” Nikamwambia wanasalimiana. Akasema ameendesha lori nchi nzima, salamu anaijua na tusi analijua. Halafu akaketi kwenye kiti cha dirishani. Kile kilikuwa kiti cha dada yake. Nikamwomba ahame. Akahama. Chai yake aliiacha nusu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Leo ndiyo leo! Kwanza nimewalisha wote mpaka matumbo yametuna, maana aliyeshiba hana nguvu za ugomvi. Kisha nikamtia Waziri tangini, taratibu, kama ninavyoona watu wakimshusha mgonjwa kwenye gari.

Amani. Nikaenda kuvuta kiti ili niifaidi.

Niliporudi, Waziri alishamvaa Balozi ubavuni. Balozi kamng’ata mkia. Kipande cha pezi jekundu kikaelea juu. Nikaingiza upawa kuwaamulia. Wakaenda kupigana nyuma ya upawa. Mwishowe nimemtoa Waziri kwa chujio la chai. Yuko kwenye chupa yake, mkia umechanika kama bendera ya zamani. Chai nimekunywa na majani yake.

Sijakata tamaa. Tatizo si samaki, tatizo ni nyumba. Balozi alitangulia, kwa hiyo anajiona mwenye nyumba. Kesho nitawatoa wote, nitapanga upya changarawe na mmea, halafu nitawaingiza kwa pamoja. Wote watakuwa wageni. Sielewi kwa nini muuza samaki hakufikiria jambo rahisi hivi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wamepigana kama wageni.

Kibaya zaidi, Waziri kuona amezidiwa, karuka nje! Kadunda sakafuni, kateleza hadi chini ya kabati. Nikalala kifudifudi nimtafute kwa tochi. Nikamwona. Nikanyoosha mkono. Mgongo ukakaza pale pale. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nikaita. Nimemwita mke wangu, kwa jina lake. Mazoea tu ya mdomo. Nyumba ikawa kimya zaidi kuliko kabla sijaita.

Simu ilikuwa mfukoni. Nikampigia Shemeji. Kaja anahema, ndala mguu huu rangi hii, mguu ule rangi nyingine. Kalinyanyua kabati upande mmoja kama anayebadilisha gurudumu, nikamchukua Waziri, kajaa vumbi, kinywa kinafunguka na kufungika. Majini akalala ubavu. Tukamkodolea macho, tumeshika pumzi wote wawili. Akatikisa pezi moja. Shemeji akapiga kelele kama timu yake imefunga bao! Kisha akaninyanyua na mimi.

Tuliketi. Akasema, huku anaiangalia chupa, kwamba nyumbani kwake kumetulia mno, bomba la jikoni analiacha lidondoke makusudi, apate kitu cha kusikiliza. Nilitaka kusema kitu. Nikasema maji yanapotea bure hivyo, nina kipira cha kuzibia bomba, nitampelekea. Akasema asante.

Baadaye akaniuliza, “Shemeji, siku nyingine ukianguka hivi, nani atakuja?”

Nikamwambia sikuanguka, niliinama.

Amekula hapa. Chakula kimekuwa na ladha, sijui nilitia nini. Akaosha vyombo. Kosa! Vikombe kavipanga mikono ikielekea kushoto. Nikamrekebisha. Akasema dada yake alivipanga hivyo tangu wakiwa watoto. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa mumewe. Akasema yeye alimjua kabla yangu. Tukapandishana sauti juu ya vikombe mpaka akachukua kofia yake. Mlango hakuubamiza. Heri angeubamiza.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimejaribu vikombe kwa mtindo wa Shemeji, mikono kushoto. Mlango wa kabati umefunga vizuri kabisa, mara ya kwanza tangu msiba. Nimevirudisha kulia. Mlango uko wazi kidogo. Haidhuru.

Binti yangu kapiga simu. Mjomba wake keshamwambia yote, hadi kunyanyuliwa. Hakutaka mizunguko: ahamie au asihamie? Nikasema nitafikiri. Akaanza kwa sauti ya juu, “Baba, samaki wanaouana unawalazimisha wakae pamoja, halafu wewe na mjomba…” Mtandao ukakata. Nadhani alitaka kunipongeza kwa moyo wangu wa upatanishi.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Shemeji katokea kibandani asubuhi, amenyoa ndevu, kavaa shati la kwenda mjini, ameshika begi dogo. Kumbe binti yangu kamwambia nimekubali! Mimi nilisema nitafikiri. Kufikiri si kukubali.

Alisimama pale, begi mkononi, anaangalia mihuri yangu ukutani kama hajawahi kuiona. Akasema begi lina nguo tu, vitu vingine havina haraka. Akasema pia vikombe naweza kuvipanga nitakavyo.

Nikamwambia chumba cha pili kina unyevu.

Akasema, “Sawa, Shemeji.” Hakuuliza unyevu gani. Aliondoka polepole. Kwenye kona akasimama, akainama, kama anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Nilifungua mdomo nimwite. Hapo hapo akaja karani na haraka zake, anataka mhuri wa IMEPOKELEWA. Nilipoinua kichwa, kona ilikuwa tupu.

Jioni, chumba cha pili nimekiingia. Kikavu kabisa. Nimefungua dirisha, nikalifunga.

Nimepika chakula cha watu wawili, mkono tu umezoea vibaya tangu Jumamosi.

Nikaketi kati ya Balozi aliye tangini na Waziri aliye kwenye chupa, mkia wake unaanza kuota upya, nikafikiri sana juu ya yote yaliyotokea wiki hii. Na ghafla nikaona kosa langu! Lilikuwa wazi siku zote, sijui nilikuwa nimefumba macho vipi. Wawili wakiachwa peke yao lazima wagombane, kwa sababu hakuna wa kuwaamua.

Nimetoka mbio kabla duka halijafungwa. Muuza samaki safari hii hakuuliza chochote, alinitazama tu, akanifungia mfuko. Dume mweupe, mkubwa kuliko wote, wa heshima zake. Jina lake Hakimu. Kesho asubuhi naingiza wote watatu.

Tangu tufike kawaona wenzake, katunisha mashavu, hajayashusha. Kazi keshaianza.