Pangaboi Juu ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Limeanza tena. Kwi! Kwi! Kwi! Pangaboi la chumbani, juu ya kitanda, katikati kabisa. Mimi niliyezunguka dunia, niliyepanda meli bila tiketi, nalala nimejibandika ukutani kama mjusi.

Mke kapiga simu. Jumamosi anarudi kutoka kwa mama yake, na mwanetu wa kwanza mkononi. Kauliza kama lile dude limeondolewa. Nikamwambia asihofu, mwenye nyumba ananiheshimu sana.

Ni kweli. Ila mimi ndiye ninayetetemeka nikisikia ndala zake. Wapangaji tunamwita Mzee Tutaona. Umwombe lolote, jibu ni hilo.

Jumanne, 4 Machi

Akili hizi! Nimemwalika Mzee Tutaona chai. Nikamkalisha kitandani, chini ya pangaboi hasa, nikawasha mwendo wa mwisho. Aonje mwenyewe!

Dude likazunguka kimya, laini, kama bibi harusi. Mzee akafungua vifungo, akausifu upepo, akasinzia. Mimi nilikaa mlangoni, mguu mmoja nje. Alipoamka nikajikaza niseme. Kwa woga nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kisha nikalitaja pangaboi. Akasema tutaona.

Hajafika hata getini: kwi! Kipande cha dari, chubwi, ndani ya kikombe changu.

Jumatano, 5 Machi

Jirani mshonaji ananicheka. Bomba lake lilivuja, akasema mara moja, likatengenezwa. Eti nina mdomo mrefu, ila mbele ya mzee unafupika. Wivu tu. Nitamwonyesha.

Umeme umekatika. Bahati! Nikalifunga pangaboi kwa kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Kitanda kizito hakiendi popote. Basi na pangaboi haliendi popote. Hiyo ndiyo sayansi.

Swichi sikuigusa. Umeme ukarudi.

Mungu wangu! Kamba ikajiviringisha. Chandarua kikamezwa. Kitanda kikainua mguu kama mbwa ukutani! Mimi niko chini yake, macho nimefumba, nawaita shangazi zangu wote kwa majina. Jirani ndiye aliyekuja kuzima swichi. Anadai nilipiga mayowe. Uongo. Niliita kwa sauti ya juu.

Alhamisi, 6 Machi

Sili, silali. Dude limeinama upande, linanitazama. Nimetandika kishuka cha mtoto kitandani. Nikakitoa. Nikakitandika jikoni. Machozi kidogo. Vumbi la dari hilo.

Jioni nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia jirani akimwambia Mzee Tutaona kwamba pangaboi likianguka litavunja vigae vyake vipya vya sakafu. Mzee hakusema tutaona. Aliruka: vigae vyangu?

Ijumaa, 7 Machi

Fundi umeme kaja asubuhi na mapema, kaliteremsha. Anasema pangaboi ni zima. Kulabu iliyolishika ndiyo iliyooza, na dari inamomonyoka. Mzee atafute mwashi, na mimi nisitundike hapo hata kofia. Mzee akasema, ya mwashi tutaona.

Nimemtangazia jirani kwamba mipango yangu huchelewa, lakini hufika. Akasonya.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika! Mtoto ana masikio yangu, maskini. Mke akatazama juu, hakuliona dude, akanishika mkono. Nikavimba kama mkate. Nikasema niliongea na mwenye nyumba mwanamume kwa mwanamume.

Ila joto! Mtoto anatoka jasho, analia, anataka kubembelezwa. Na baba yake ana maarifa. Kamba ipo. Kile chandarua kilichochanika, ukikikunja mara mbili, kinatoa bembea safi kabisa. Na pale juu pana kulabu imekaa bure.

Nimeshafunga. Napanda mimi kwanza. Mwanangu hapandi kitu ambacho sijakijaribu.

Mke amejibandika ukutani kama mjusi, kamkumbatia mtoto. Ameniuliza kama kulabu itanibeba.

Nimemwambia tutaona.