Kesi Niliyoiongoza kwa Mdomo

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Nahama! Au tuseme nimeamua kufikiria kuhama. Miaka saba katika ofisi kubwa ya mawakili, ghorofa ya tisa, zulia mpaka chooni, na sijawahi kusimama mbele ya hakimu nikasema "Mheshimiwa". Wanasimama wakubwa. Mimi nabandika namba kwenye kurasa za vielelezo. Joho langu linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, bado lina mkunjo wa dukani. Mama anawaambia majirani kuwa mwanawe anatetea watu. Simkatishi.

Mke wangu ni mfamasia, na habari zote za mji hupita kwenye kaunta yake. Leo kasikia kuna ofisi ya wastani nyuma ya posta, mawakili kumi hivi, wanatafuta mtu wa kwenda mahakamani. Nikamwambia mtu mzima hashuki ngazi. Akasema mimi sijaipanda hiyo ngazi, nimekaa tu chini yake kwenye kivuli. Ningemjibu. Nilikuwa na chakula mdomoni.

Nimepiga simu. Nimeitwa keshokutwa.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Ofisi yenyewe ya kusikitisha. Hakuna lifti. Feni moja, nayo inazunguka kama imelazimishwa. Mwenye ofisi ni mama wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, chai anamimina mwenyewe. Nikamwonea huruma. Akauliza nimefanya kesi gani.

Hapo nikakumbuka: biashara matangazo. Ningesema nini? Kwamba nabandika namba mpaka ukurasa wa elfu moja bila kuruka hata mmoja? Nikasema niliongoza kesi ya kiwanda cha saruji, ile ambayo wakazi walishitaki kwa sababu ya vumbi, wakashindwa. Ofisini kwetu wanaisimulia mpaka leo. Kusema kweli niliifanyia kazi wikiendi moja tu, nikipanga picha za mabati ya nyumba zao kwa tarehe. Lakini aliyepanga picha si ameshiriki? Na aliyeshiriki si ameongoza kwa kiasi chake?

Mama akavaa miwani. Akauliza upande wa pili ulikuwaje. Nikaona samaki kanasa. Nikasema dhaifu mno, wakili wao alitapatapa kama kuku aliyemwagiwa maji. Akauliza kama nakumbuka alikuwa mwanamume au mwanamke. Nikasema mtu akibabaika kiasi kile, kwa heshima humtazami usoni. Akaniongezea chai. Na sukari, bila kuniuliza! Akasema ataniita.

Nyumbani nikamwambia mke wangu aanze kuzoea kuniona jioni, si usiku wa manane. Akafurahi. Akalipiga pasi joho.

Ijumaa, 7 Juni

Siri haina rafu ya kuiweka. Asubuhi nikamdokezea Mpole, jikoni. Mpole ni jina la ofisini tu. Tuliajiriwa siku moja, na akipandwa na hasira hushikwa na kigugumizi, kwa hiyo hakasiriki. Kazi anazofanya ni kama zangu, ila yeye kapewa meza ya dirishani. Mimi natazama kabati.

Nikamwambia siku zangu hapa zinahesabika. Akauliza naenda wapi. Nikamtajia mpaka mtaa, ili aumie vizuri. Akasema hongera. Kisha, kwa aibu, akauliza kama wanahitaji na mtu wa pili. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani! Nikamwambia pale wanataka watu wenye kesi za kutaja, yeye anazo ngapi? Akasema mbili, na zote alikuwa mbeba majalada. Nikampigapiga begani.

Mchana mkuu wa idara kaniletea marundo ya kurasa za kubandika namba. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba kazi hiyo itafutiwe mtu wa kiwango chake. Mkuu akanitazama, akaondoka na marundo yake. Nadhani ameniheshimu.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Yule mama kaniita. Nikaenda na suti ya harusi, joho mkononi. Safari hii hakukuwa na chai. Akasema yule kuku ni yeye.

Sikuelewa. Akarudia taratibu, kama anamsemesha shahidi mzee asiyesikia vizuri. Wakili wa wale wakazi ni yeye. Kasimama kwenye kesi ile miaka miwili, na hakuwahi kuniona hata siku moja. Akauliza kama labda nilikuwa naongoza nikiwa nyuma ya nguzo.

Nikatafuta pa kuweka mikono. Akasema ana tatizo dogo. Wakazi wamekata rufaa na bado anawatetea. Kama kweli niliongoza upande wa kiwanda, sheria haimruhusu kunichukua, maana huo ni mgongano wa maslahi. Na kama sikuongoza, yeye mwenyewe hajiruhusu.

Nikatapika ukweli wote. Wikiendi moja. Mabati. Tarehe. Nilidhani atacheka. Akavua miwani, akauliza kama ni mimi niliyezipanga picha zile. Nikasema ni mimi. Akasema picha zile ndizo zilizomshinda. Jaji alizifuata moja baada ya moja, akaona mabati yalikuwa na vumbi kabla hata kiwanda hakijajengwa. Usiku ule hakulala, akijiuliza ni nani huyo mwenye akili iliyonyooka namna ile. Ningemwambia hilo tu siku ya Jumatano, angenichukua kabla chai haijapoa, akanitenga na rufaa hiyo moja, utaratibu wake upo. Hata kesi yangu ya kwanza ilikuwa tayari: kinyozi anayefukuzwa kibandani na mwenye nyumba. Inasikilizwa Ijumaa. Ningesimama Ijumaa!

Nimekaa kwenye ngazi zao muda mrefu. Watu wakapita, wakadhani nasubiri haki.

Mke wangu hakunisema. Alisema pole tu. Angenigombeza ningejitetea, lakini hiyo pole ilinitoa machozi kama mtoto. Alikuwa ameshawaambia wenzake dukani kwamba atakuwa akiwahi kufunga, tule pamoja.

Jumanne, 11 Juni

Marundo yamerudi mezani kwangu, yamezaa na mengine. Mkuu wa idara kasema kwa upole mwingi kwamba ametafuta mtu wa kiwango hicho, akanipata.

Mpole hayupo. Nikauliza. Wakasema ameacha kazi tangu jana jioni. Kaenda nyuma ya posta!

Ijumaa, 14 Juni

Nimedanganya kwamba naumwa jino, nikaenda mahakamani. Nikakaa benchi la mwisho, nyuma ya familia ya kinyozi.

Mpole akasimama. Joho la kuazima, mikono inamfika vidoleni. Akafungua mdomo, "Mheshimiwa" ikamkwama. Ikakwama tena. Watu wakatazama chini. Mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Hakimu akaweka kalamu, akasema chumba hiki hakina haraka. Basi neno likatoka, na yaliyofuata yakatoka nalo, mafupi, ya kweli, bila madoido. Hakimu akaamuru kinyozi asiguswe mpaka kesi iishe. Mama yake kinyozi akalia kwa sauti, akamshika Mpole mashavu yote mawili.

Nilitaka kumchukia. Nilishindwa. Nilichokuwa nacho ni majuto matupu. Pale ndipo mahali pangu, nimepatazama kwa macho yangu, mwingine amesimama hapo.

Mpole akaniona mlangoni. Akanishukuru kwa kumwonyesha njia! Nikamuuliza alimwambia nini yule mama. Akasema alimwambia kwamba hubeba majalada, na kwamba majalada akiyabeba huyasoma. Basi.

Jumapili, 16 Juni

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa akakua. Leo nimejichunguza kwa unyoofu, mlango nimefunga, na kosa langu nimeliona. Ni kubwa na sitalirudia. Nilitaja kesi ambayo wakili wa upande wa pili yuko hai.

Nimepekua kumbukumbu za ofisi mpaka nikapata nyingine: kesi ya daraja lililoporomoka. Tulishinda. Wakili wa upande wa pili alifariki mwaka jana, Mungu amlaze pema. Hawezi kuita mtu!

Mke wangu kauliza kwa nini nisiseme tu habari za zile picha. Nikamwambia picha hazimpi mtu cheo. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayerudisha dawa nusu, kisha akaenda kuanua nguo.

Nimeshapata ofisi nyingine ya wastani, ng'ambo ya soko. Naitwa Alhamisi. Mwenye ofisi ni kijana tu, kairithi mwaka jana. Ana jina moja la ukoo na marehemu wangu wa daraja. Bahati iliyoje! Nikifika kwenye habari za jinsi marehemu alivyokuwa mbumbumbu wa sheria, jina halitanipotea.